Mwezi Upo, Ila Hautaonekana

Saa kumi na moja alfajiri
Simu ya mama imetangulia adhana. "Mwanangu, mwezi waandama leo au hauandami? Nataka kujua niroweke mbaazi." Leo ni tarehe 29 Shaabani, mwezi ukiandama kesho ni Ramadhani, na mimi ndiye mtoto aliyesomea mambo ya anga. Namwambia hautaonekana. "Ushaangalia?" Sijaangalia, nimepiga hesabu. "Haya," anasema, ile haya yake ya kuniachia na yangu.

Kisha adhana. Kuna watu huniambia elimu yangu ni ya Wazungu, nami hucheka. Ratiba iliyobandikwa ukutani mwa msikiti wetu inahesabu alfajiri kuanzia jua linapokuwa nyuzi 18 chini ya upeo wa macho. Vitabu vyangu vya kazini navyo vinasema usiku kamili unakwisha kwa nyuzi hizohizo 18.

Saa tatu, darasani
Nauliza: setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kutazama eksirei za angani iliitwaje? Kimya. Iliitwa Uhuru. Naam, Kiswahili. Ilikuwa ya Wamarekani, ikarushwa Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Mbona hawakuirushia kwao? Sababu moja: hapa karibu na ikweta ardhi yenyewe inakwenda mashariki kwa kilomita kama 1,670 kwa saa, na roketi inauchukua mwendo huo bure.

Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba eksirei za Cygnus X-1, chanzo kimoja cha mbali angani, zinapepesa mara kadhaa katika sekunde moja. Kitu kikubwa hakiwezi kupepesa hivyo. Lazima kiwe kidogo mno. Leo tunakiita shimo jeusi, kitu ambacho hata nuru haichomoki ndani yake. Msichana mmoja wa Malindi anainua mkono: "Mwalimu, babu alikuwa akisema aliona moto ukipanda juu kutoka baharini. Tukadhani ni ngano." Somo langu likaishia hapo, maana kila mtu sasa alitaka kusikia habari za babu.

Saa nane
Kazi yenyewe. Safu za tarakimu, programu inayogoma, umeme umekatika mara mbili. Hakuna cha kusimulia.

Saa kumi na nusu, barazani
Kahawa tungu na kashata. Kijana wa bodaboda: "Daktari, nisomee nyota yangu, nina safari." Simlaumu. Mnajimu kwetu ni neno moja lenye kazi mbili, msoma nyota na mtaalamu wa anga, na nilipokimbilia neno falaki nikakuta wasoma nyota wameshafika. Namwambia nyota yake naijua: ni jua, na halina habari na safari yake. Avae kofia tu, ile ngumu.

Saa kumi na mbili na nusu, juu ya paa
Wazee wanne, darubini yangu ndogo, macho yote upande wa Changamwe, jua linakozama. Naeleza: mwezi umezaliwa, yaani umepitana na jua, leo saa nne asubuhi, kwa hiyo una saa nane na nusu tu. Haujafika hata nyuzi 7 mbali na jua, na chini ya hapo uzi wake wa nuru hautoshi jicho. Utazama robo saa hivi baada ya jua.

Mzee mmoja ananisikiliza mpaka mwisho. "Bi Daktari, hatukatai kuwa upo. Sisi twauliza, umeonekana?"

Nilikuja na jibu la swali jingine. Hesabu yangu inasema mwezi uko wapi; wao wanatafuta shahidi. Na mimi mwenyewe kazini sikubali kitu kwa hesabu peke yake kabla hakijaonekana, ila huwa sipendi kukumbushwa juu ya paa la watu. Nikakaa nao robo saa yote. Hatukuona kitu, isipokuwa taa za magari.

Saa mbili usiku
Nampigia mama: hatukujaliwa leo, Shaabani inatimia 30.

"Mbaazi nimesharoweka tangu magharibi," anasema. "Tukifunga ni za futari, tusipofunga ni za mahamri."