Kisa cha Kamana na Usimuliaji Kazini

Katika ofisi nyingi za kwetu, mtu anayepewa nafasi ya kuzungumza mbele ya menejimenti huanza na shukrani, akaingia kwenye lengo kuu na malengo mahususi, kisha akapitisha slaidi zenye majedwali ambayo aliyeketi nyuma hawezi kuyasoma. Akimaliza hupigiwa makofi, na kikao kikahamia ajenda inayofuata kana kwamba hakuna lililosemwa. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika taarifa za miradi, nimeyaona hayo mara nyingi, na vijana wanaponiuliza namna ya kuwashawishi wakubwa wao huwaeleza yaliyotokea Benki ya Dunia mwaka 1996.

Stephen Denning, aliyekuwa mkurugenzi katika kanda ya Afrika ya benki hiyo, alitakiwa wakati huo ashughulikie masuala ya taarifa. Aliona kwamba benki ilikuwa na ujuzi mwingi uliobaki vichwani na makabatini mwa watumishi wake, akatumia chati na michoro kutetea hoja ya kuusambaza, lakini hakuna aliyeshtuka. Ndipo alipoanza kusimulia kisa kifupi. Mwezi Juni 1995, mhudumu wa afya katika mji mdogo wa Kamana nchini Zambia, umbali wa kilometa zipatazo 600 kutoka Lusaka, aliingia kwenye tovuti ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, akapata jibu la swali lake kuhusu kutibu malaria. Kisha Denning aliwaonyesha wasikilizaji kitu ambacho hakikuwemo: Benki ya Dunia, pamoja na utaalamu wake wote kuhusu umaskini, haikuonekana popote katika kisa hicho. Je, ingekuwaje kama ingekuwemo? Oktoba 1996 rais wa benki, James Wolfensohn, alitangaza kwenye mkutano mkuu wa mwaka nia ya kuigeuza taasisi hiyo kuwa benki ya maarifa. Sidai kwamba kisa peke yake ndicho kilichofanya kazi yote, maana uamuzi wa taasisi kubwa huwa na wazazi wengi, lakini kilifungua mlango ambao chati hazikuufungua.

Kwa sisi tuliolelewa na paukwa pakawa, simulizi hiyo ni kavu mno. Hatuambiwi jina la mhudumu, wala hali ya mgonjwa, wala kama mvua ilikuwa ikinyesha. Msimulizi wa ngano hurefusha kwa makusudi na kutia wimbo katikati, kwa sababu usiku ni mrefu na hakuna anayetazama saa. Denning alieleza baadaye kwamba ukavu huo ndio uliosaidia: msikilizaji akizamishwa mno katika maisha ya Kamana, hubaki hukohuko, ilhali kinachotakiwa ni awazie idara yake mwenyewe. Nakubaliana naye kuhusu kikao cha maamuzi, ila si kila mahali.

Julian Orr, mwanaanthropolojia aliyewafuatilia mafundi wa mashine za fotokopi wa kampuni ya Xerox katika miaka ya 1980, aliona kwamba kitabu cha maelekezo hakikuwatosha. Ugumu wa mashine waliutatua kwa kusimuliana visa, mara nyingi wakiwa mezani wakila. Aliyewahi kusubiri gari gereji hatashangaa, maana fundi wa kwetu hukueleza ubovu wa gari lako kwa kukusimulia gari la mteja mwingine lililokuwa likizima kila linapopanda mlima. Hapo kila kipande kina kazi yake: sauti iliyosikika, kifaa kilichokwisha kubadilishwa, hata dhana iliyoshindwa. Ukikikata kisa hicho ili kiwe kifupi, umemnyima mwenzako alichokijia.

Kinachonikera ni ile sehemu ya taarifa iitwayo kisa cha mafanikio, ambamo mama mjane hupewa mbuzi, maisha yake yakabadilika, akaushukuru mradi. Hakina tarehe, hakina kikwazo, na mradi ndio shujaa tangu mwanzo hadi mwisho. Mara nyingine huambatanishwa na picha na jina kamili la mhusika, jambo ambalo lilikuwa kosa la adabu hata kabla ya Tanzania kuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Afisa wa uwandani akiniletea kisa cha namna hiyo, humwomba anieleze upya kwa mdomo, nami nikamuuliza ilikuwa lini, wapi, mhusika alikwama wapi, na ofisi yetu ilikuwa ikifanya nini alipokuwa amekwama. Jibu la swali hilo la mwisho hupenda kufutwa rasimu inapopita kwa wakuu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kulitetea libaki.