Mvuvi akilegea miguu: kukitafuta kichocho cha uti wa mgongo

Kijana wa mwaloni, pale wavuvi wanapotia samaki nanga, akilalamika kiuno, jibu la haraka ni kwamba nyavu zimemchosha. Anapewa diklofenaki, dawa ya maumivu, na kuambiwa apumzike. Siku chache baadaye maumivu yameshuka mapajani, miguu inalegea, mkojo umeziba, na nyumbani ndugu wameshagawanyika: hawa wanataka hospitali, wale wanataka mganga. Hali hii ina sababu nyingi. Ninaandika juu ya moja iliyo nadra, inayotibika, lakini isiyongoja: kichocho kilichofika kwenye uti wa mgongo.

Mwambao wetu wa Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe, una kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, kinachoenezwa na konokono wa Biomphalaria. Minyoo wenyewe hukaa kwenye vena za utumbo. Mayai mengi hutoka na choo au hukwama kwenye ini, ila machache hupotea njia. Vena zinazouzunguka uti wa mgongo hazina vali, kwa hiyo mtu akijikamua chooni au akikohoa kwa nguvu, damu huweza kurudi nyuma na kubeba yai hadi huko. Mwili hulizingira yai kwa uvimbe mdogo. Kwenye ini uvimbe wa ukubwa huo usingemsumbua mtu. Kwenye ncha ya chini ya uti wa mgongo, ambako neva za miguu, kibofu na haja kubwa zimebanana, unatosha kumlaza kitandani.

Wewe mhudumu wa afya unayempokea mgonjwa, uliza habari za mkojo kabla ya kuuliza habari za kutembea, maana vijana wengi huona aibu na hawasemi. Kisha pima hisia za makalio na eneo la kuzunguka njia ya haja kubwa kwa pamba na kijiti chenye ncha, na uangalie kama msuli wa njia hiyo bado unabana. Gonga goti na kifundo. Miguu isiporuka kabisa, mara nyingi tatizo liko ncha ya chini. Ikiruka kupita kiasi na kidole gumba kikainuka unapokwaruza unyayo, tatizo liko juu zaidi. Kifua kikuu cha mgongo kwa kawaida huja polepole, wiki hadi miezi, na mara nyingi kuna pingili inayouma ukiigonga na eksirei inaonyesha pingili zilizoliwa. Kichocho huenda kwa siku, na ndani ya wiki mbili hivi mgonjwa anaweza kuwa ameshapooza. VVU na kaswende vipimwe kwa kila mgonjwa wa namna hii, bila kuchagua.

Sasa kipimo cha choo, ambacho ndicho kinachotupotosha zaidi. Mahali ambapo watu wengi wana mayai ya kichocho, kuyakuta kwa mgonjwa hakuthibitishi kwamba ndiyo yaliyompooza. Na kuyakosa hakumtoi kwenye orodha, kwa sababu wagonjwa wa uti wa mgongo mara nyingi wana minyoo wachache. Kipimo cha Kato-Katz, ambacho choo hupakwa kwenye slaidi na mayai kuhesabiwa kwa darubini, hutumia miligramu 41.7 tu za choo. Yai moja kwenye slaidi ni sawa na mayai 24 kwa gramu, na mwenye mayai machache kuliko hayo hupata sifuri mara kwa mara. Chukua sampuli siku tatu, slaidi mbili kila siku. Hapo umeangalia robo gramu, na jibu la "hakuna" linaanza kuwa na maana.

Makosa ya Kato ni yale yale kila mahali. Selofani iwe imelowa kwenye glaiserini yenye malakaiti ya kijani kwa saa 24 au zaidi. Choo kipitishwe kwenye chujio, tundu la kipimo lijazwe mpaka ukingoni, slaidi ikandamizwe hadi uweze kusoma maandishi ya gazeti kupitia humo. Ikiachwa nene, yai linajificha. Yai la mansoni, lenye mwiba ubavuni, husubiri vizuri hata kesho yake, lakini mayai ya safura huyeyuka machoni pako ndani ya saa moja. Choo cha majimaji hakifai kwa Kato. Kifanyie njia ya kuzamisha mayai kwa sentrifyuji.

Kipimo cha mkojo cha CCA, kinachotafuta kitu kinachotolewa na minyoo wa kichocho, ni rahisi: matone mawili, soma baada ya dakika 20, si kabla wala baada sana. Mstari hafifu usiupe uzito peke yake. Kilicho bora, palipo na daktari wa kukifanya, ni kipande kidogo cha utando wa rektamu. Tafadhali kisitiwe kwenye fomalini. Kiweke kibichi kati ya slaidi mbili na tone la salaini (maji ya chumvi), kibane, kiangalie hapo hapo. Yai hai linaonyesha kiluwiluwi kikicheza ndani. Yai jeusi ni la zamani na linaweza kuwa kumbukumbu ya utotoni tu.

Maji ya uti wa mgongo hayatafutwi mayai, kwani karibu hayaonekani humo kamwe. Tunatafuta chembe nyeupe za damu zilizoongezeka, protini iliyopanda na sukari ya kawaida. Sukari ikishuka, rudi kwenye kifua kikuu. Eosinofili, aina ya chembe nyeupe zinazoongezeka penye minyoo, hupatikana kwa baadhi tu ya wagonjwa, lakini zikipatikana zina uzito mkubwa. Huharibika haraka: sampuli ifike ndani ya saa moja, izungushwe, ipakwe rangi ya Giemsa. Anayehesabu chembe bila rangi ataandika "limfosaiti" (aina nyingine ya chembe nyeupe) na kuifunga kesi kimakosa. MRI, picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku, kwa anayeweza kuifikia, huonyesha ncha iliyovimba, na huondoa hofu ya uvimbe unaohitaji upasuaji.

Uthibitisho kamili ungehitaji kipande cha uti wenyewe, na hilo kwa kawaida halifanywi. Tunatibu kwa mjumuiko wa ushahidi, na mimi nasema tusingoje karatasi zote. Prednisoloni, steroidi ya kupunguza uvimbe, ianze kabla ya dawa ya kichocho, miligramu 1 au zaidi kwa kila kilo kwa siku, ipunguzwe taratibu kwa wiki hadi miezi. Prazikwanteli, dawa inayoua minyoo wa kichocho, ikitangulia peke yake inaweza kuongeza uvimbe. Ifuate, miligramu 40 hadi 60 kwa kilo, pamoja na chakula, na irudiwe baada ya wiki kadhaa kwa sababu haiui minyoo wachanga. Kabla ya steroidi hiyo mpe ivermektini, dawa nyingine ya minyoo, maana strongiloidi, minyoo wadogo wa utumbo waliojificha, huweza kulipuka na kuua.

Mkojo uliokwama utolewe kwa mpira wa mkojo (katheta) siku hiyo hiyo. Na kwenye barua ya rufaa kwenda Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, andika saa mkojo ulipoziba, nguvu ya kila mguu kwa namba ya 0 hadi 5, sehemu ya mwili ambapo hisia zinaishia, na dozi ya kwanza ya prednisoloni pamoja na saa uliyoitoa.