Chakula ambacho sikukila

Jumatano, jioni

Mshahara umeingia jana usiku. Leo, kwenye kipindi nisichokuwa na darasa, nikaifungua taarifa ya deni langu la chuo kwa Bodi ya Mikopo nikaisoma mstari kwa mstari, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nianze kukatwa. Ada. Vitabu na viandikwa. Mafunzo kwa vitendo. Halafu mstari mnene kuliko yote: chakula na malazi.

Nikacheka peke yangu mpaka mwalimu wa zamu akageuka. Chakula gani hicho?

Niliingia chuo 2016. Ada ya kozi yangu ilikuwa 1,000,000 kwa mwaka, na mkopo wa ada nilipangiwa 60%. Laki nne zilizobaki zilikuwa zetu wenyewe: mimi, mama na cherehani yake. Laki mbili kila muhula. Usipolipa husajiliwi, na usiposajiliwa husaini bumu, yaani hela ya mkopo ya chakula na malazi, wakati bumu lenyewe ndilo nililokuwa nalitegemea kulipia ada! Mjomba ndiye aliyetutoa. Alinikopesha, nikasajiliwa, nikasaini, na siku hiyohiyo nikamrudishia chake. Mihula yote sita tulienda hivyo.

Bumu wakati ule lilikuwa 8,500 kwa siku. Kwa siku 60 ni 510,000, na nyumbani waliposikia laki tano, simu hazikukatika. Shangazi mmoja aliniomba nichangie bati. Ningemwelezaje kwamba ukitoa za mjomba zinabaki 310,000, elfu tano na kidogo kwa siku, na humo humo kuna kitanda, nauli, sabuni, vocha na vitini vya kutoa kopi?

Kwa hiyo tulipiga pasi ndefu. Asubuhi unalala makusudi mpaka kipindi cha saa nne. Mchana unapita mbali na kwa mama ntilie, maana harufu ya maharage ya nazi haina huruma. Saa kumi unakula wali mara moja, unashushia maji mengi, siku imekwisha. Muhula wa pili niliacha na kitanda, nikabebwa na rafiki yangu: watu wawili kwenye godoro la futi mbili na nusu, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Yeye ndiye aliyenifundisha kununua mkate siku bumu linapotoka na kuukausha juani ili ufike wiki ya pili.

Sasa naambiwa nilikopeshwa chakula, na karatasi haisemi uongo. Hela ilitoka kwa jina la chakula ikaishia kwenye dirisha la ada. Ninalipa wali ambao sikuula.

Sina kinyongo na mkopo. Bila huo ningekuwa kwenye cherehani ya pili pembeni ya mama, na mimi hata kutunga uzi sindanoni najikwaa. Ila mwaka uleule nilioanza ndio sheria ilibadilishwa, makato yakatoka 8% yakawa 15% ya mshahara wa msingi, na sikuelewa maana yake mpaka nilipoishika slipu ya kwanza. Kila laki, elfu kumi na tano haifiki mkononi. Ile 6% iliyokuwa ikiongezwa kwenye deni kila mwaka ili kulinda thamani ya fedha ilipofutwa 2021, nilimpigia mama kama mtu aliyejifungua salama. Mama akauliza, "Kwa hiyo limekwisha?" Halijakwisha.

Saa mbili hii mdogo wangu kapiga. Yuko mwaka wa pili.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Shilingi ngapi?"

Akacheka. Laki moja na themanini, usajili unafungwa Ijumaa. Siku hizi bumu ni 10,000 kwa siku, na ameniahidi likitoka tu ananirudishia. Najua atarudisha. Nami nilirudisha.

Nikamuuliza amekula nini leo.

"Nimekula, dada."

"Nimekuuliza nini, sijakuuliza kama umekula."

Kimya. Halafu akaanza kunieleza habari za mtihani wa majaribio, kwa haraka, kama nilivyokuwa nikimweleza mama.

Nimemtumia laki mbili. Hiyo elfu ishirini ya juu nimemwandikia ni ya kula, asiiguse kwa kitu kingine. Amejibu, "Sawa dada, asante," na dakika tano baadaye, "Dada, kopi za kitini nazo ni kula?"