Sindano ya Bibi

Jumapili, usiku

Bibi ameshalala. Nimekaa na kamera mapajani, nazipitia picha za leo moja baada ya nyingine kwenye kioo cha nyuma. Zipo 143. Nyingi nitazifuta kabla sijazima taa. Ipo moja ambayo siifuti, na ndiyo iliyonifanya nifungue shajara saa hizi, maana nimeihangaikia majuma matatu.

Ni picha ya Bibi akitunga uzi kwenye sindano. Basi, si zaidi ya hapo. Amekaa kwenye kiti chake dirishani, shali nyeupe mabegani, sindano mkono wa kushoto, uzi mkono wa kulia, midomo ameibana kidogo kama afanyavyo siku zote. Nimemwona akitunga hivyo tangu sijajua kusoma. Mwaka huu mikono imeanza kumtetemeka. Siku hizi hujaribu mara tatu, mara nne, ndipo uzi upite, na ukimwambia "lete nikutungie, Bibi" anakukata jicho. Nilitaka kumpiga picha hiyo sasa, wakati bado anakataa kutungiwa.

Mara ya kwanza niliiacha kamera kwenye otomatiki. Flashi ikaruka juu yenyewe, ikammulika usoni, na mwanga wote wa dirisha ukafa. Kila kitu kilionekana: kiti, pazia, ukuta, kitambaa alichokuwa akikishona. Lakini makunyanzi yaliyokuwa yakichorwa na ule mwanga wa ubavuni yalikuwa yamefutika, na uso wake ulikuwa bapa kama wa picha ya kitambulisho. Nilichokuwa nimekiona kwa macho hakikuwemo. Nilisikitika kweli. Usiku uleule nikakitoa kile kitabu cha maelekezo kwenye boksi lake.

Kosa nililolifanya baada ya hapo nadhani wengi hulifanya: nilikimbilia M, ile hali ya kamera ambayo kila kitu unakipanga mwenyewe. Nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba anayejua kupiga picha hutumia M tu, na nikaamini. Leo nasema huo ni ushauri mbaya kwa anayeanza. M inakutaka ushike mambo matatu kwa mpigo, yaani upana wa tundu la lenzi, kasi ya shata (kile kipazia kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga) na ISO (wepesi wa kamera kuupokea mwanga), huku ukimwangalia mtu aliye mbele yako. Mimi nilikuwa naangalia namba. Nikija kuinua macho, uzi umeshapita na Bibi anaendelea kushona. Nikahamia A, ambayo kwenye kamera nyingine huandikwa Av. Hapo tundu nachagua mimi, kasi inachagua kamera. Kwa kuwa nilikuwa nabadilisha kitu kimoja tu, nikaanza kuona kila kitu kinafanya kazi gani.

Ila zile namba za tundu zenyewe! 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Zilinikera wiki nzima. Namba ndogo ndiyo tundu kubwa, na namba kubwa ndiyo tundu dogo. Halafu kwa nini kutoka 4 uende 5.6, na siyo 5 au 6? Ungeweza kuzikariri tu, na wapo wanaofanya hivyo, lakini mimi kitu nisichokielewa hakikai kichwani. Nikachukua karatasi. Lenzi yangu ni ya milimita 50. Kwenye f/2, f ni hizo milimita za lenzi na ule mkwaju ni alama ya kugawanya, hakuna siri nyingine: 50 gawanya kwa 2, unapata tundu lenye kipenyo cha milimita 25. Kwenye f/4 kipenyo ni milimita 12.5. Kipenyo kikipungua nusu, eneo la tundu linabaki robo, kwa hiyo na mwanga unaopita ni robo. Ukitaka mwanga upungue nusu tu, kipenyo unakigawanya kwa 1.4 hivi. Ndiyo maana 2 inafuatwa na 2.8, na 2.8 inafuatwa na 4. Kila hatua mwanga ni nusu ya ule wa hatua iliyotangulia. Niliiweka kalamu chini nikacheka peke yangu kwa furaha.

Kamera yangu ina kitufe kidogo ubavuni mwa lenzi ambacho sikuwahi kukigusa. Niliiweka kwenye f/16, nikaielekeza lenzi usoni kwangu, nikakibonyeza. Ndani ya kioo vibati vyembamba vyeusi vilijikusanya kutoka pembeni, na lile tundu likasinyaa kama mboni ya paka aliye juani. Nikikiachia, linafunguka. Nikikibonyeza, linafumba. Nilirudia sijui mara ngapi. Baada ya hapo f/16 haikuwa namba tena kwangu, ilikuwa kitu nilichokiona.

Nikarudi kwa Bibi na f/1.8, tundu kubwa kuliko yote lenzi hii iliyo nayo. ISO niliiweka 400, kamera ikanipa kasi ya 1/125 ya sekunde. Kwenye kioo cha nyuma ile picha ilinitoa machozi: pazia limeyeyuka, ukuta umekuwa kama maziwa, amebaki Bibi peke yake. Nikaikuza. Sindano ilikuwa kali mno. Ungeweza kuhesabu nyuzinyuzi zilizochanuka kwenye ncha ya uzi. Macho ya Bibi yalikuwa kwenye ukungu.

Sababu yake nilikuja kuielewa pole pole. Kwa umbali wa mita moja hivi niliokaa, kamera ya aina yangu ikiwa kwenye f/1.8, sehemu inayotoka kali ni kama slesi ya unene wa sentimita 3. Kilicho mbele yake au nyuma yake kinaanza kuyeyuka. Sindano ilikuwa kiasi cha shubiri moja mbele ya uso, na fokasi ilikuwa imenasa kilichokuwa karibu zaidi, yaani sindano. Nikifunga tundu hadi f/4, slesi inanenepa hadi sentimita 6 na ushei. Haitoshi kujaza shubiri. Siku mbili nilihangaika nikiendelea kufunga tundu, f/8, f/11, na pazia lile nililokuwa nimelifuta likawa linarudi na maua yake yote. Jibu halikuwa kwenye namba. Ilinibidi nihame mimi. Nilisogeza kigoda hadi ubavuni mwake, dirisha likawa upande wake wa pili, na kutoka hapo uso na sindano vikawa umbali mmoja kutoka kwenye lenzi. Sasa f/4 ilitosha, na ikabaki nafasi kidogo kwa ajili ya yeye kuinama na kuinuka. Fokasi nayo niliinyang'anya uhuru: nikachagua nukta moja tu, nikaiweka juu ya jicho.

Upande wa shata ulinichukua muda mfupi zaidi, ingawa ulinipa uchungu wake. Kuna kanuni ya zamani kwamba ukishika kamera mkononi, kasi isishuke chini ya moja gawanya kwa milimita za lenzi. Kwa kuwa sensa yangu, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, milimita 50 zangu huhesabiwa kama 75, kwa hiyo kikomo changu ni 1/80. Lakini kanuni hiyo inahusu mtetemo wa mikono yangu. Haijui chochote kuhusu mikono ya Bibi. Kwenye 1/60 niliibana kamera kwenye paji la uso, nikashusha pumzi, na jicho lake likatoka zuri kabisa. Vidole vyake vikatoka vimeburuzika kama rangi iliyopitiwa na kitambaa. Nilijaribu 1/80, 1/100. Kwenye 1/125 ndipo vidole vilipotulia. Hivyo ndivyo nilivyoujua mtetemo wa Bibi, kwa namba, na sikufurahi kuujua.

Picha ya kamera ya kale kuliko zote zilizobaki hadi leo, ya mvumbuzi Nicéphore Niépce, aliyoipiga dirishani kwake Ufaransa miaka ya 1820, ilikaa ikipokea mwanga saa nyingi mno hata jua likahama, na majengo yakaonekana yamemulikwa pande zote mbili. Nilikuwa nikiiwaza kila Bibi aliposogea. Huyo bwana asingempata hata kama kivuli.

Sasa tatizo likawa hesabu. Kila mzunguko mdogo wa gurudumu la kamera yangu, ule unaosikika "tik", ni theluthi ya hatua. Kutoka f/1.8 hadi f/4 ni tik saba. Nilipofunga tundu huku nimeng'ang'ania ISO 400, kamera ilifidia kwa kushusha kasi kutoka 1/125 hadi 1/25, na vidole vikaharibika tena. Nilikuwa naiogopa ISO. Nilishaambiwa kwamba ukiipandisha picha inajaa chengachenga, na kweli inajaa, hasa kwenye sehemu za giza. Lakini nikaziweka pamoja picha mbili, moja ina chengachenga, nyingine imetikisika. Ile ya chengachenga bado ni Bibi. Ile nyingine hakuna dawa ya kuitibu.

Na kuna jambo ambalo ndilo hasa lililobadilisha namna ninavyoishika kamera hii. Shali. Kila picha, shali ya Bibi ilikuwa inatoka rangi ya jivu. Yeye huifua kwa mikono yake na kuianika mwenyewe. Ni nyeupe ya kweli. Nilidhani lenzi ni chafu. Nilidhani ni dirisha. Kumbe kipima mwanga cha ndani ya kamera hakijui kama kinatazama shali au makaa. Kinachukulia kwamba kilicho mbele yake, ukikichanganya chote, kinarudisha kama asilimia 18 ya mwanga, yaani kijivu cha katikati. Kikiona cheupe kingi, kinasema mwanga umezidi, kinapunguza. Kikiona cheusi kingi, kinaongeza.

Sikuridhika hadi nijaribu. Nikajaza fremu yote kwa karatasi nyeupe, nikapiga. Nikajaza fremu yote kwa kitambaa cheusi, nikapiga. Nikaziweka picha hizo mbili ubavu kwa ubavu, na ukizitazama huwezi kusema ipi ni karatasi na ipi ni kitambaa. Zote kijivu kilekile. Nilikaa nikizitazama muda mrefu. Miezi yote niliyokuwa nikiilaumu kamera kwamba haioni, ilikuwa inangoja mtu wa kuiambia inachokitazama.

Mahali pa kuiambia ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kinakwenda kinyume na unavyodhani: kilicho cheupe ndicho unachokiongezea mwanga ili kibaki cheupe, na cheusi unakipunguzia. Kwa shali ya Bibi ni tik mbili za kujumlisha. Ya tatu inaua mishono ya ukingo wake, na histogramu, ule mchoro wa kamera unaopanga mwanga kutoka giza kushoto hadi weupe kulia, inaonyesha hivyo kwa kujibana kwenye ukuta wa kulia. Ningekuwa namfundisha mtu leo, ningeanza na kitufe hiki kabla ya kitu kingine chochote.

Mengine nimeyapitia juu juu. Napiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, kwa hiyo rangi nikizikosea nazirekebisha baadaye kwenye kompyuta. Menyu ina kurasa nyingi ambazo sijazifungua na wala hazijanizuia.

Leo mchana, kabla Bibi hajakaa, nilihesabu. Tik saba za tundu, na mbili za shali: tisa. Tisa ni hatua tatu kamili. Kasi haitakiwi kushuka, kwa hiyo zote tatu zinakwenda kwenye ISO: 400, 800, 1600, 3200. Nikaweka. Bibi akakaa, akachukua kitambaa chake, akasahau kwamba nipo. Nilipokibonyeza nusu kitufe cha kupigia, ndani ya kitundu cha kutazamia namba ikasoma 1/125.

Sikuitazama tena. Nilimtazama yeye. Jaribio la kwanza uzi ulipinda. La pili ukagonga pembeni. Akaulowesha kwa ulimi, akauzungusha kati ya vidole viwili, akaupeleka tena, na hapo ndipo nilipopiga.

Nilimwonyesha jioni. Alivaa miwani, akakishika kioo karibu, akapita uso wake bila kusimama akaenda moja kwa moja kwenye mikono.

"Hapa uzi umepita?"

"Bado, Bibi. Ulipita baada ya hapo."

"Mh." Akaikuza mwenyewe kwa kubonyeza kitufe nilichomwonyesha, akaitazama ncha ya uzi ilivyokaa kwenye tundu la sindano. "Umenipiga mchana mno. Dirisha hili mwanga wake ni saa tatu asubuhi. Mimi kazi za sindano ndogo nilikuwa nazifanya saa tatu, mchana nashona pindo tu. Njoo saa tatu, mjukuu wangu, nitakutungia na ile sindano nyembamba."

Betri iko kwenye chaji. ISO nimeirudisha 800.