Kikao Kimoja Hakimponyi Mwokoaji

Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na jumba la Ufundi lililokuwa jirani likaporomoka, wengi wa watu wa kwanza kufukua kifusi hawakuwa na sare. Walikuwa wapita njia na wafanyakazi wa ofisi za karibu, waliochimba kwa mikono na kuwapakia majeruhi katika gari lolote lililosimama. Vikosi vya uokoaji vilipofika, vingine kutoka ng'ambo, vilifanya kazi usiku na mchana, na miongoni mwa waliofunikwa alikuwamo mwanamke ambaye waokoaji waliisikia sauti yake, wakazungumza naye na kumtia moyo, lakini akakata roho kabla hawajamfikia. Waliofariki Nairobi walikuwa 213. Waliotoka pale wakiwa wazima wa mwili, huku sauti ile ikiendelea kuwasemesha, hawamo katika hesabu yoyote.

Kazi yangu ni ushauri nasaha, na wengi ninaowahudumia ni wahudumu wa ambulansi, wazimamoto, polisi na, kundi linalosahauliwa kuliko yote, wahudumu wa mochari. Naandika kwa sababu ya desturi moja iliyoenea, ambayo naamini inawapunja watu tunaodhani tunawasaidia. Baada ya ajali kubwa, wote waliokuwa zamu hukusanywa ukumbini, kila mmoja akatakiwa kueleza aliyoyaona na alivyojisikia, chai ikanywewa, karatasi ya mahudhurio ikatiwa saini, na faili likafungwa. Mkubwa anabaki na ushahidi kwamba watu wake wamepewa ushauri, na zamu inayofuata inaanza alfajiri kana kwamba hakuna kilichotokea.

Chanzo cha desturi hiyo kilikuwa chema. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto na ya huduma za dharura, alipendekeza kikao cha kikundi chenye hatua kadhaa, ambacho huanza na maelezo ya tukio, kikaingia katika mawazo na hisia, kisha kikaishia katika mafunzo ya kujitunza. Yeye mwenyewe alikiona kuwa sehemu moja tu ya mpango mrefu zaidi, ila waajiri wengi waliichukua sehemu hiyo wakaacha mengine. Watafiti walipokusanya matokeo ya majaribio mbalimbali, waligundua kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakimkingi mtu na mfadhaiko wa baada ya kiwewe, yaani ugonjwa wa akili unaoweza kumpata mtu baada ya tukio la kutisha, na katika baadhi ya majaribio waliohudhuria walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye kuliko wasiohudhuria. Ni haki kueleza kwamba sehemu kubwa ya majaribio hayo ilifanywa kwa majeruhi, si kwa vikosi vya waokoaji. Hata hivyo, ninayoyaona kazini yananifanya niyaamini, kwa sababu mwokoaji aliyeshughulika na mlango wa mbele wa basi lililopinduka halazimiki kubebeshwa pia picha za mwenzake aliyekuwa nyuma, tena akiwa bado hajapata usingizi.

Katika siku za mwanzo kinachosaidia ni jambo dogo zaidi na la kiutu zaidi. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 una hatua tatu, yaani kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Kwa kikosi, maana yake ni kuhakikisha mtu amekula, ameoga, amefika nyumbani bila kuendesha gari akiwa hoi, na ana mtu wa kumpigia usiku. Anayetaka kusimulia asikilizwe, na anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze bila kuhesabiwa kuwa mkaidi. Watu wengi hupata nafuu kwa njia hii katika wiki chache, wala hawahitaji mtaalamu.

Kazi yangu hasa huanza mwezi mmoja baadaye, kwa wale ambao nafuu haikuwafikia. Dalili zao si kilio. Ni mtu anayeshtuka mlango ukibamizwa, anayezunguka mbali ili asipite barabara fulani, anayewagombeza watoto ambao zamani aliwabembeleza, au aliyeacha kula nyama choma tangu siku ya moto na hataki kuulizwa kwa nini. Wapo pia wasioweza kutaja tukio moja, kwa kuwa hawakuangushwa na msiba mkubwa bali na miaka ya maiti za watoto, za kila wikendi. Mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili, katika toleo la mwaka 2013, unakubali kwamba kukutana mara kwa mara na mambo ya namna hiyo kwa sababu ya kazi kunaweza kuzaa mfadhaiko wa baada ya kiwewe. Nawaomba wakuu wa vituo walitilie maanani hilo, kwa sababu wengi bado wanasubiri ajali itangazwe redioni ndipo wamkumbuke mshauri.

Tiba ipo, na inafanya kazi. Namna moja ninayoipenda ni ya kusimulia maisha kwa mpangilio, ambayo ilijaribiwa miongoni mwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia katika makazi ya Nakivale nchini Uganda, ikitolewa na wakimbizi wenzao waliofunzwa kazi hiyo, na ikawaletea nafuu. Mteja hutandaza kamba sakafuni kuanzia kuzaliwa kwake hadi leo, akaweka ua mahali pa tukio jema na jiwe mahali pa tukio baya. Kisha, kikao baada ya kikao, husimulia kila jiwe polepole, pamoja na harufu, joto na kilichompitia kifuani, mpaka tukio lipate mwanzo, mwisho na tarehe yake. Tofauti na kile kikao cha ukumbini ni kwamba hapa mtu yuko na msikilizaji mmoja, amechagua kuja, na atarudi wiki ijayo.

Jiwe zito kuliko yote kwa kawaida ni hatia. "Ningefika mapema." "Ningemtoa yeye kwanza." Simwambii mtu asijilaumu, kwa sababu ameshaambiwa na kila mtu na haikumfaa. Tunarudi pamoja kwenye dakika zile na kuuliza alijua nini wakati ule, alikuwa na vifaa gani, na nani mwingine alikuwa anamwita.

Kwetu Kenya mwanamume hufunzwa kujikaza kisabuni, na kikosini mafunzo hayo huongezewa cheo na kofia. Daktari wa magonjwa ya akili Frank Njenga na wenzake waliwahoji maelfu ya watu katika miezi ya mwanzo baada ya mlipuko wa 1998, wakaona kwamba asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia zile za mfadhaiko wa baada ya kiwewe, na kwamba kutokuwa na rafiki wa kumfungulia moyo kuliendana na hali mbaya zaidi. Wazimamoto waliochunguzwa baada ya mlipuko wa bomu wa Oklahoma City, Marekani, wa mwaka 1995 walikuwa na ugonjwa huo kwa asilimia 13, chini ya wanaume walionusurika ndani ya mlipuko. Hata hivyo, karibu nusu yao walikuwa wamewahi kuwa na tatizo la pombe maishani, wengi tangu kabla ya siku ile. Nikisoma takwimu hizo nawaona watu ninaowajua, ambao dawa yao ya usingizi iko kaunta.

Hofu ya kusema ina sababu. Hadi Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi wake Januari 2025 kwamba kifungu cha sheria kinachoharamisha jaribio la kujiua kinakiuka katiba, askari aliyejaribu kujitoa uhai angeweza kushtakiwa. Hata leo, afande anayeomba ushauri huwaza kwanza kama atanyang'anywa silaha, zamu au nafasi ya kupandishwa cheo. Mshauri anayepeleka ripoti kwa mkuu wa kituo hataambiwa lolote la maana, hata awe na shahada ngapi.

Kwa hiyo ninachoomba ni mshauri aliye nje ya mlolongo wa amri, ambaye atampigia kila mhudumu simu baada ya wiki nne na tena baada ya miezi mitatu, bila kusubiri aombwe. Wenzao wachache katika kila zamu wafunzwe kutambua dalili, na wake na waume zao waelezwe dalili hizo mapema, siku mhudumu anapoajiriwa, pamoja na namba ya kupiga, kwa maana wao ndio wanaolala kando yake na kumwona akiamka saa tisa usiku.