Siku Moja na Seli Zinazouhudumia Ubongo

Saa 1:30 asubuhi. Giza la Januari bado limetanda London ninapofungua inkubeta kuziangalia astrosaiti nilizozitoa katika bongo za panya wachanga. Hizi ni seli saidizi: hulisha niuroni, yaani seli zinazopitisha ishara za ubongo, na kuzisaidia kuungana. Ninazikuza bila seramu ya damu, kwa sababu katika ubongo wenye afya hazikutani nayo, na zikikutana nayo hujigeuza kana kwamba pana jeraha.

Saa 3. Nusu ya sahani zilipewa jana, wakati kama huu, molekuli tatu ambazo mfumo wa kinga huzitumia kupashana habari: interlukini-1 alfa nanogramu 3 kwa mililita, TNF nanogramu 30 na C1q nanogramu 400. Vipimo hivi vinatokana na kazi ya watafiti Shane Liddelow, Ben Barres na wenzao, iliyochapishwa mwaka 2017. Kilichonivuta humo ni kwamba sumu ya bakteria, ikimiminiwa astrosaiti zilizo peke yake, haizigeuzi. Lazima kwanza iziamshe maikroglia, yaani seli za kinga za ubongo, nazo ndizo zitoe molekuli hizo tatu. Astrosaiti, basi, haimwoni adui. Husikia habari zake tu, na habari hizo zinatosha kuifanya iache kuzilea niuroni, na hata ianze kutoa kitu kinachoua baadhi yake.

Saa 6 mchana. Ninatia rangi inayoonyesha protini ya C3, dalili ya mgeuko huo, kisha ninakwenda kula.

Saa 9 alasiri. Chini ya hadubini, sahani zilizopewa molekuli zinang'aa kama nilivyotarajia. Tatizo ni kwamba sahani moja ya mlinganisho, ambayo haikupewa chochote, inang'aa pia. Ninaitia rangi ya pili, ya kutambua maikroglia.

Saa 12 jioni. Zimo kadhaa, zimejibanza pembeni. Kosa ni langu: siku ya kutenga seli niliharakisha, na wapasha habari wakaponyoka pamoja na wasikilizaji. Ninalitupa kundi zima, hata sahani zilizong'aa vizuri, maana siwezi tena kujua zilisikia habari zangu au za maikroglia.

Daftarini siandiki “A1”, jina la awali la astrosaiti zilizogeuka. Mwaka 2021 watafiti wengi walishauri tuache kuzigawa katika makundi mawili, na ninakubaliana nao. Ninaandika molekuli, kipimo, saa, na neno moja: “zimetupwa”.