Mshindo wa karasha

Leo mchana Gerezani, Dar es Salaam, fundi kawasha karasha jipya la kusagia mawe ya dhahabu: pipa linalozunguka na gololi za chuma ndani. Mteja, mchimbaji wa Geita, akataka lizunguke kasi zaidi.
"Ongeza, fundi!"

Akaongeza.

Mshindo ukakatika. Gololi zikang'ang'ania ukuta wa pipa, zikawa zinazunguka nalo bila kudondoka. Mawe yakabaki chenga.

Fundi akarudisha mwendo, kama asilimia 75 ya ile kasi inayoanza kugandisha gololi ukutani.

Jamani, ule mngurumo! Gololi zinapanda, zinaporomoka juu ya mawe, sakafu inatetemeka mpaka magotini.

Nimefurahi mno, maana wachimbaji wengi wanaunguza dizeli bure kwa kukimbiza pipa.

Wenye makarasha Chunya na Geita, nyie gololi mnajaza kiasi gani? Zikizidi nusu ya pipa, usagaji unadorora.